Maulana Azad: Mhariri Aliyetozwa Dhamana ya Maneno Yake

Lau Maulana Khairuddin asingalianguka mjini Jidda akavunjika mfupa wa mguu, huenda mwanawe angalikulia Makka na ulimwengu wa magazeti usingalimjua. Mfupa ulifungwa lakini haukuunga vyema. Watu wakamshauri mzee avuke bahari aende Calcutta, ambako siku hizo kulikuwa na madaktari hodari wa kupasua. Basi mwaka wa 1890 akaondoka na watu wa nyumbani kwake, nia yake ikiwa ni kutibiwa kisha arudi. Hakurudi. Muridi zake wa Calcutta walimng'ang'ania, na mwaka mmoja baada ya kufika, mkewe akafariki na kuzikwa huko huko. Mtoto wao mwanamume alikuwa bado mdogo hata hakuweza kumkumbuka mamake vizuri.

Mtoto huyo ndiye Maulana Abul Kalam Azad, ambaye jina lake wazee wengi wa pwani walilisikia katika redio enzi za kupigania uhuru wa Bara Hindi. Wanaomkumbuka humkumbuka kama mwanasiasa, rafiki wa Gandhi na Nehru, na Waziri wa Elimu. Leo tungependa kumtazama kwa upande mwingine, yaani kama mtu wa gazeti, kwani kabla ya kuwa waziri alikuwa mhariri, na ni wahariri wachache waliopitishwa katika kila mlango wa sheria ya magazeti kama alivyopitishwa yeye.

Alizaliwa Makka mwezi wa Novemba 1888. Mamake alikuwa Mwarabu wa nyumba ya elimu kutoka Madina. Babake asili yake ni Delhi, naye alikuwa mwanachuoni mwenye wafuasi wengi. Waliokwenda Hija watakuwa wamesikia habari za mfereji wa Zubaida, mkewe Khalifa Harun Rashid, uliokuwa ukiwapelekea watu wa Makka maji. Kwa masimulizi ya mwanawe, Mzee Khairuddin ndiye aliyechangisha fedha Bara Hindi, Misri, Sham na Uturuki hata mfereji huo ukatengenezwa upya, na Sultani wa Uturuki akamtunukia nishani.

Mzee hakuiamini elimu ya Kizungu. Kijana alisomeshwa nyumbani, Kiarabu na Kiajemi, fiqhi, mantiki na hisabati, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa amekwisha kuhitimu masomo ambayo wenzake huyamaliza wakiwa na miaka ishirini na zaidi. Kiingereza alijifundisha mwenyewe, kamusi mkono mmoja na gazeti mkono wa pili. Jina alilopewa lilikuwa Muhyiddin Ahmad, lakini watu walimjua kwa Abul Kalam, yaani baba wa maneno, na mwenyewe akajiongezea Azad, maana yake huru. Baba wa maneno aliye huru! Jina la namna hiyo lilikuwa kama linawaita polisi.

Alianza kuandika akiwa mtoto mdogo. Alitoa jarida la mashairi kabla hajabaleghe, na mwaka wa 1903 akaanzisha jarida lake la Lisan-us-Sidq. Baadaye alifanya kazi katika magazeti ya watu wengine, Lucknow na Amritsar. Mwaka wa 1908 alisafiri Iraq, Sham, Misri na Uturuki, na huko akakutana na vijana waliokuwa wakizipigania nchi zao kwa kalamu. Alirudi akijiuliza kwa nini Waislamu wa Bara Hindi wakae kimya wakingojea hisani ya serikali ya Kiingereza.

Jawabu lake lilikuwa Al-Hilal, gazeti la kila wiki kwa lugha ya Kiurdu, lililotoka Calcutta kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1912. Wakati huo magazeti mengi ya Kiurdu yalichapishwa kwa mawe, baada ya mwandishi wa hati kuandika ukurasa mzima kwa mkono. Azad alitumia herufi za risasi, akatia na picha. Waitaliano walikuwa wamekwisha kuivamia Libya, na vita vya Balkani vikaanza mwaka huo huo. Al-Hilal lilieleza mambo hayo kwa Kiurdu kizito, chenye aya na hadithi ndani yake, ambacho wasomaji hawakupata kukiona katika gazeti. Katika miezi mitatu ya mwanzo ilibidi matoleo ya nyuma yachapishwe upya, maana kila msomaji mpya alitaka yote. Azad mwenyewe anasema kwamba katika muda wa miaka miwili lilifikia nakala 26,000 kwa wiki.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na inafaa tuieleze kwa urefu kidogo.

Mwaka wa 1910 serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi ilitunga Sheria ya Magazeti. Sheria hii haikuanza kwa kumpeleka mhariri mahakamani. Ilianza mfukoni. Mwenye mtambo wa kuchapa aliweza kuamriwa aweke dhamana ya fedha, kuanzia rupia 500 hadi 2,000. Kama serikali iliona kwamba gazeti limeandika jambo baya, ilizichukua fedha hizo. Mwenye mtambo akitaka kuendelea, aliweka dhamana mpya, na safari hii iliweza kufika rupia 10,000. Akikosa tena, zilikwenda fedha pamoja na mtambo wenyewe. Wazee wetu watauelewa uzito wa hesabu hiyo bila kufasiriwa, kwani rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Mombasa, Malindi na Lamu mpaka mwaka wa 1920.

Uovu wa sheria hii ulikuwa katika jinsi ilivyomgeuza mhariri kuwa polisi wa nafsi yake. Mtu ambaye fedha za watoto wake, au pengine fedha za kukopa, zimelala kwa serikali, kila sentensi anayoiandika huipima kwa rupia. Serikali haikuwa na haja ya kumfunga. Ilimwachia apige hesabu mwenyewe.

Kulikuwa na njia ya kukata rufani katika Mahakama Kuu, lakini njia hiyo ilikuwa kama mlango uliochorwa ukutani. Jambo hili lilidhihirika mwaka wa 1913 katika kesi ya Maulana Mohamed Ali, mhariri wa gazeti la Comrade, ambaye serikali ilimpokonya vijitabu vilivyohusu mateso ya Waislamu wa Makedonia. Jaji Mkuu wa Calcutta, Lawrence Jenkins, ambaye alikuwa Mwingereza, aliona wazi kwamba ilani ya serikali ilikuwa na kasoro kwani haikutaja maneno gani hasa yaliyokuwa kosa. Akaeleza kwamba sheria ilivyokuwa pana ingeweza hata kuvinasa vitabu ambavyo watu hawangedhani vina ubaya wowote. Kisha akasema kwamba sheria imemfunga mikono, hawezi kusaidia. Maulana Mohamed Ali akatoka mahakamani akiwa na haki mdomoni na hasara mkononi.

Zamu ya Al-Hilal ilikuja mwaka huo huo. Mjini Kanpur, serikali ilipokuwa ikinyoosha barabara, ilivunja sehemu ya msikiti iliyokuwa mahali pa kutawadhia. Waislamu walikusanyika mwezi wa Agosti wakaanza kuyarudisha matofali, na polisi wakawapiga risasi, watu wakafa. Azad aliliandika jambo hilo kwa ukali. Haukupita muda mrefu akaamriwa aweke rupia 2,000. Akaziweka, wala hakulegeza kalamu, na fedha zikachukuliwa. Akatakiwa kuweka 10,000. Nazo zikaenda. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeanza mwaka wa 1914, Uturuki ikaingia upande wa Ujerumani, na gazeti lililoandikwa na Mwislamu kuhusu Uturuki halikuweza tena kuvumiliwa. Al-Hilal likafa, na mtambo wake ukanyakuliwa.

Mtu mwingine angalikwenda kufundisha madrasa akaishi kwa amani. Azad alitafuta mtambo mwingine, na mwezi wa Novemba 1915 akatoa gazeti jipya, Al-Balagh. Serikali ikaona kwamba njia ya dhamana ina mzunguko mrefu. Kulikuwa na kanuni za wakati wa vita, zilizoitwa kanuni za ulinzi wa Bara Hindi, ambazo hazikuhitaji mtambo, dhamana wala jaji. Kwa kanuni hizo, mwaka wa 1916 Azad akaamriwa aondoke Calcutta. Serikali za Punjab, Delhi, Bombay na za mikoa mingine zilikuwa zimekwisha kumpiga marufuku. Palibaki Bihar. Akaenda Ranchi, nje kidogo ya mji, na baada ya miezi michache akawekwa kizuizini hapo hapo mpaka mwisho wa mwaka wa 1919.

Hakuhukumiwa na mtu yeyote. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa maana ya kizuizini.

Alipokuwa Ranchi aliruhusiwa kwenda msikitini. Akawa akihutubia siku za Ijumaa, na akaanzisha madrasa. Lakini kazi iliyomjaa moyoni ilikuwa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiurdu, aliyoiita Tarjuman al-Qur'an. Alikuwa amekwisha kuitangaza katika Al-Balagh, na uchapaji ulikuwa umeanza alipofukuzwa Calcutta. Basi akaendelea nayo kizuizini, akifikiri kwamba kama kuna maandishi ambayo serikali haitakuwa na haja nayo, ni haya.

Alikosea. Makachero walikuja kuipekua nyumba, wakabeba kila karatasi yenye mwandiko wake. Wakubwa wa upelelezi hawakuamini kwamba mtu hatari kama huyu anaweza kukaa kimya akifasiri Kitabu cha Mungu, lazima kulikuwa na siri kati ya mistari. Azad alingoja karatasi zirudi. Zilipokawia, aliketi akaianza upya ile sehemu iliyochukuliwa.

Alipokamatwa tena, mwaka wa 1921, mambo yakawa yale yale. Polisi waliingia nyumbani na penye mtambo wakazoa maandishi yote, hata yale yaliyokuwa tayari kwa kuchapwa. Aliporudishiwa, baada ya kutoka gerezani mwaka wa 1923, alikuta rundo la karatasi zilizochanika na kuchanganyika, nyingine hazipo kabisa. Ameeleza katika dibaji ya kitabu kwamba alivunjika moyo, na kwamba kuandika jambo jipya ni rahisi kuliko kulirudia lililopotea. Miaka ilipita kabla hajaishika tena kazi ile. Juzuu la kwanza lilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na la pili mwaka wa 1936, likaishia Suratul-Mu'minun, ambayo ndiyo inayofungua juzuu ya kumi na nane katika msahafu. La tatu halikutoka hata akafa. Mimi naona hasara hii ni kubwa kuliko rupia elfu kumi na mbili. Fedha zilikuwa na hesabu, lakini nani atakayehesabu kurasa alizoziandika mara mbili na zile ambazo hakuziandika kabisa kwa kuchoka?

Turudi nyuma kidogo. Azad aliachiliwa siku ya kwanza ya mwaka wa 1920, na mwezi huo huo akakutana na Gandhi. Ulikuwa wakati wa harakati za Khilafat, Waislamu wakidai Khalifa wa Uturuki asinyang'anywe nchi zake, na Gandhi aliwaunga mkono. Waislamu na Mabaniani walikubaliana kususia mahakama, shule na vyeo vya serikali. Azad, aliyenyimwa gazeti, sasa alitumia mdomo. Tarehe 1 na 15 Julai 1921 alihutubia katika bustani ya Mirzapur, Calcutta, mbele ya umati mkubwa. Polisi walikuwemo wakiandika kwa hati mkato. Mwezi wa Desemba akakamatwa, na hotuba hizo mbili zikawa ndizo shitaka.

Kifungu kilichotumika ni 124A cha Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi. Kifungu hiki kiliongezwa mwaka wa 1870, siku ambazo serikali iliwahofia sana Waislamu waliokuwa wakihubiri jihadi. Kilimtia hatiani mtu yeyote ambaye kwa maneno au maandishi anaitia serikali katika chuki au dharau, au anawafanya watu wakose mapenzi nayo. Tazama jambo hilo: sheria inayomlazimisha raia apende! Adhabu yake iliweza kufika kupelekwa uhamishoni maisha. Tilak, mhariri wa gazeti la Kesari la Poona, alipewa miaka sita kwa kifungu hicho mwaka wa 1908, akapelekwa Mandalay huko Burma.

Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya ng'ambo. Kanuni hiyo hiyo ya Bara Hindi ndiyo iliyotumika katika himaya ya Kiingereza ya Afrika Mashariki tangu 1897, kwa hivyo neno la uchochezi lililosemwa Mombasa lingehukumiwa kwa kitabu kile kile kilichofunguliwa Calcutta. Kenya ilipata Kanuni yake ya Adhabu mwaka wa 1930, na uchochezi haukuachwa nje. Girdharilal Vidyarthi, mhariri wa Colonial Times la Nairobi, alifungwa kwa kosa hilo katika miaka ya 1940. Vifungu vyenyewe vilifutwa na Bunge letu mwaka wa 1997. Dhamana nayo ilikuwa na ndugu yake hapa kwetu: sheria ya vitabu na magazeti ya 1960 ilimtaka mchapishaji aweke dhamana ya shilingi 10,000, na mwaka wa 2002 ikapandishwa hadi milioni moja.

Azad hakuweka wakili, kwani walikuwa wamekwisha kuzisusia mahakama. Alitoa maelezo yake kwa maandishi, mwezi wa Januari 1922, na baadaye yakachapishwa kama kitabu kwa jina la Qaul-e-Faisal, yaani neno la kukata. Alieleza kwamba taarifa ya polisi ilizivuruga hotuba zake, mahali pengine hata hazina maana. Lakini hakutaka kujificha nyuma ya makosa ya makarani. Alikiri kwamba aliyasema hayo na zaidi ya hayo, kwamba ni kweli aliita serikali ile dhalimu, na kwamba hakujua aite nini kingine. Kwa Mwislamu, akasema, kusema kweli mbele ya mtawala asiye na haki ni wajibu wa dini, na akaikumbusha mahakama jinsi watu wa kawaida walivyowakabili makhalifa wa mwanzo hadharani bila kuogopa. Alilitaja lile kizimba alilosimama ndani yake, akasema kwamba mahali pa namna hiyo waliwahi kusimamishwa Nabii Isa, Sokrate na Galileo. Mwisho akamgeukia hakimu bila kinyongo, akamwambia kwamba kila mmoja wao afanye kazi yake haraka, mmoja ahukumu na mwingine ahukumiwe, mpaka wote wawili wafike mbele ya mahakama nyingine.

Tarehe 9 Februari 1922 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu. Mkewe, Bibi Zulaikha, alimpelekea Gandhi simu ya maandishi akieleza kwamba adhabu hiyo ilikuwa ndogo ajabu kuliko walivyojitayarishia. Mwezi uliofuata Gandhi naye alipandishwa kizimbani kwa kifungu hicho hicho, kwa ajili ya makala yake katika gazeti la Young India, akapewa miaka sita. Jambo la kuchekesha, kama lipo la kuchekesha, ni kwamba mwaka huo huo wa 1922 serikali iliifuta ile Sheria ya Magazeti ya 1910 iliyomfilisi Azad.

Miaka iliyofuata tuipitie kwa haraka, maana vitabu vingi vimeieleza. Mwaka wa 1923 aliongoza mkutano maalumu wa chama cha Congress akiwa na umri wa miaka thelathini na nne. Mwaka wa 1927 alilifufua Al-Hilal, likaishi miezi michache tu. Kuanzia 1940 hadi 1946 alikuwa rais wa Congress, akipinga nchi kugawanywa, na Waislamu wengi waliokuwa nyuma ya Jinnah walimwona kama amewahama. Mzozo huo hata hapa pwani uliwagawa watu katika baraza za kahawa, na hatuna nia ya kuufufua.

Lakini gereza la mwisho hatuwezi kulipita. Agosti 1942 alikamatwa Bombay na wenzake, wakafungiwa katika ngome ya Ahmadnagar. Magazeti yalizuiwa, barua zikazuiwa. Azad aliyezoea kuandikia maelfu sasa hakuwa hata na msomaji mmoja. Akamchagua rafiki yake wa zamani, Habibur Rahman Khan Sherwani, akawa anamwandikia barua alfajiri, akijua kwamba hazitapelekwa. Aliandika juu ya chai yake ya Kichina, ambayo kwake kutia maziwa ilikuwa kuiharibu, na juu ya shomoro waliojenga viota chumbani mwake. Barua hizo zilichapishwa mwaka wa 1946 kwa jina la Ghubar-e-Khatir, na wapo wanaoziona kuwa Kiurdu chake kizuri kuliko vyote.

Moja ya barua hizo inamhusu Bibi Zulaikha. Azad alipotoka nyumbani Calcutta kwenda Bombay mkewe alikuwa mgonjwa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mkuu wa gereza alimweleza Azad kwamba kama ana ombi kwa serikali, yeye yuko tayari kulipeleka. Azad alikataa kuomba. Bibi Zulaikha akafariki mwezi wa Aprili 1943, naye yu gerezani. Alipotoka mwaka wa 1945 alikwenda kulizuru kaburi. Kuna watakaomlaumu kwa kutoomba, na sijui kama nitawapinga. Mtu aliyekataa kulegeza neno mbele ya hakimu alilishikilia neno mpaka mahali ambapo mwingine ndiye aliyelipa.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1947 alikuwa Waziri wa Elimu, na alikaa katika kazi hiyo mpaka alipofariki. Bunge la kuunda Katiba lilifanya jambo zuri mwaka wa 1948: liliondoa neno uchochezi katika orodha ya sababu za kuzuia uhuru wa kusema. Lakini kifungu cha 124A kilibaki katika Kanuni ya Adhabu. Na mwaka wa 1951, baada ya magazeti mawili kuishinda serikali mahakamani, Katiba ilirekebishwa ili serikali ipate nafasi kubwa zaidi ya kuzuia maneno. Azad alikuwa katika baraza la mawaziri lililopitisha marekebisho hayo. Mwaka wa 1962 Mahakama Kuu Zaidi ikakubali kwamba kifungu cha uchochezi ni halali, ingawa ilikibana. Kikaendelea kutumika hata kwa maneno yaliyoandikwa kwenye simu, mpaka Mei 2022 mahakama hiyo ilipoamuru kisimamishwe kwanza. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Bara Hindi ina kanuni mpya ya adhabu. Jina la uchochezi halimo, lakini kifungu cha 152 kinayagusa maneno yanayohatarisha umoja wa nchi, na kimetaja wazi mawasiliano ya elektroniki.

Maulana alifariki Delhi tarehe 22 Februari 1958, akazikwa karibu na Msikiti wa Jamia. Alikuwa akimsimulia Humayun Kabir maisha yake kwa Kiurdu, naye Kabir akayaandika kwa Kiingereza, na kitabu hicho, India Wins Freedom, kilitoka mwaka wa 1959. Kilitoka pungufu. Azad aliagiza kurasa kama thelathini ziondolewe, zitiwe muhuri na kuwekwa nakala moja katika maktaba ya taifa Calcutta na nyingine katika nyaraka za taifa Delhi, zisifunguliwe mpaka ipite miaka thelathini tangu kufa kwake. Mtu ambaye serikali ilimnyang'anya mitambo, karatasi na miaka ya maisha kwa sababu ya kutonyamaza alikuwa amejifungia maneno yake mwenyewe.

Februari 1988 ilipofika, ufunguzi wa kurasa hizo ulizua mzozo ukafika mahakamani, na ni kwa amri ya mahakama zilipofunguliwa mwaka huo. Waliotazamia radi walisikia mvua ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na maneno makali kidogo juu ya wenzake, hasa makosa ya rafiki yake Nehru, ambaye naye wakati huo alikuwa amekwisha kufa kitambo. Kitabu kikachapishwa upya kizima, na sehemu zilizokuwa zimefichwa zikatiwa alama ili msomaji aone ni maneno gani aliyoyasitiri.